Wasemaji watatu kati ya kumi na sita: uchambuzi wa mjadala mmoja wa Kiingereza, Kariakoo

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeshonwa kutokana na mambo yanayojirudia kwenye madarasa ya jioni ya Kiingereza cha mazungumzo jijini Dar es Salaam, na hesabu za watu na dakika zilizomo ni za kisa hiki tu.

Chumba kiko ghorofa ya pili, mtaa mmoja nyuma ya Msimbazi. Meza mbili zimeunganishwa katikati, viti 16 vimezizunguka, feni ni moja, na chini ya dirisha spika ya duka inatangaza bei za mashuka bila kupumzika. Darasa linaanza saa 11:30 jioni na kwisha saa 1:00 usiku. Wamo mama muuza vitenge ambaye wateja wake wengine hutoka Kongo na Zambia, karani wa wakala wa forodha, muuguzi, dereva wa watalii, dada wa mapokezi ya hoteli, vijana wanne waliomaliza kidato cha nne, mstaafu mmoja wa serikali, na wengine sita wa biashara ndogondogo. Kwa vipimo vya ujuzi wa lugha vya Baraza la Ulaya vilivyochapishwa mwaka 2001, vyenye ngazi sita kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya bingwa, wengi wao wangeangukia mpakani mwa A2 na B1. Maneno wanayo. Wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakaingia sekondari ambako Kiingereza kilikuwa lugha ya kunakili ubaoni na kujibu mtihani. Kujibizana kwa lugha hiyo hakuna aliyewafundisha.

Saa 12:05 mwalimu aliandika ubaoni: "Are bodaboda good or bad for Dar es Salaam?" Akamteua dereva wa watalii aongoze, akatoa dakika 25, akakaa pembeni.

Kiongozi akafungua kwa "So, how do you see?", tafsiri ya moja kwa moja ya "mnaonaje". Hakuna aliyejibu. Baada ya kimya kilichowafanya watu waangalie viatu, mstaafu akasafisha koo, akamshukuru mwenyekiti, akawasalimu wajumbe, akazungumza dakika 7. Karani akamfuata kwa dakika 3, akikubaliana naye karibu neno kwa neno. Kiongozi akaogopa kimya kingine, akajaza mwenyewe dakika 3. Ilipofika dakika ya 14 adhana ya magharibi ikalia na watu watano wakatoka. Mama wa vitenge akaanza kueleza jinsi bodaboda ilivyomgonga mdogo wake: "Last month one bodaboda, he..." Hapo neno likamkwama, akamalizia kwa Kiswahili. Chumba kikaamka. Kwa dakika 5 watu walipingana, wakadakiana, wakacheka, hata binti wa kidato cha nne aliyekuwa amejikunyata tangu darasa lianze akatoa hoja nzuri kuhusu kofia ngumu. Mwalimu akagonga meza: "English, please!" Kukawa kama Tanesco wamefanya yao. Mwishoni kiongozi akafunga: "So bodaboda is good and bad. Thank you."

Mwalimu mwenye haraka angeandika kwamba darasa halina msamiati. Zile dakika 5 za Kiswahili zinamkatalia. Watu walikuwa na maoni, walijua kupokezana zamu, na walijua kupinga bila kugombana. Kilichokosekana ni mpangilio ambao ungewaruhusu kuyafanya hayo kwa Kiingereza cha polepole, chenye kuchapia.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayosahaulika. Dakika 25 ni sekunde 1,500. Ukizigawa kwa watu 16 walioketi duara moja, kila mmoja anapata chini kidogo ya sekunde 94, na hiyo ni pale ambapo hakuna kimya, kicheko wala hotuba. Wagawe makundi manne ya watu wanne, dakika zilezile zinampa kila mtu zaidi ya dakika 6. Tofauti hiyo haihitaji mwalimu bora wala kitabu kipya, inahitaji kusogeza viti. Kundi la watu watatu nalo linafaa, ila asipokuja mmoja kwa sababu ya foleni linabaki la wawili, na wawili hawajadiliani, wanahojiana. Wakiwa watano au sita, kila mara hujitokeza mmoja wa kujificha.

Swali lenyewe lilikuwa bovu. "Good or bad" linajibika kwa neno moja, na mtu akishasema "Good" amemaliza kazi yake kihalali kabisa. Tena kila aliyekuwemo alijua kuhusu bodaboda kile ambacho mwenzake anakijua, hivyo hakukuwa na cha kuulizana. Ubishi wa kijiweni hunoga kwa sababu mmoja ana habari ambayo mwingine hana, au kuna uamuzi unaosubiriwa. Swali lile halikuwa na kimojawapo.

Kuna jambo ambalo vitabu vya Kiingereza vilivyoandikwa Uingereza havitalisema, kwa kuwa si la kwao: wanafunzi hawa waliingia mjadalani na adabu za kikao. Tangu serikali ya mtaa hadi kamati ya harusi, msemaji hunyoosha mkono, hupewa nafasi, hushukuru, husalimu, kisha hutoa hoja yake nzima na kukaa. Ni utaratibu mzuri wa kikao. Kwenye mazungumzo ya Kiingereza unakula muda na kuua majibizano. Utangulizi wa "First of all I would like to thank..." huchukua kama sekunde 20, na kwa watu 16 ni zaidi ya dakika 5 za shukrani. Madhara makubwa zaidi ni kwamba anayengoja kupewa nafasi hafanyi kazi ya kusikiliza ili ajibu. Anaitunga hotuba yake.

Hapo tunafika kwenye kasi. Utafiti wa lugha kumi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kwa wastani mtu hujibu swali karibu sekunde 0.2 baada ya mwenzake kunyamaza. Lugha zinatofautiana, lakini si kwa mengi. Sasa mfikirie binti wa kidato cha nne: anasikia hoja, anaitafsiri kwa Kiswahili, anatunga jibu, analirudisha kwa Kiingereza, anakagua kama ni "has" au "have". Akimaliza, mada imeshahama vituo viwili. Akiachwa kwenye duara la watu 16 hawezi kuingia hata awe na akili ya kuzaliwa nayo.

Na umri. Mstaafu aliposema bodaboda zipigwe marufuku mjini, hakuna kijana ambaye angemkatisha. Kumdakia mzee maneno ni utovu wa adabu, na Kiingereza hakina "shikamoo" ya kulainishia. Kimya kilichofuata hotuba yake kilikuwa heshima, na mwalimu alikisoma kama uvivu.

Jumanne iliyofuata darasa lilipangwa upya. Mjadala ulihamishiwa mwanzoni, saa 11:45 hadi 12:10. Dar jua huzama kati ya saa 12:10 hivi na saa 1 kasorobo kulingana na miezi, kwa hiyo mapumziko mafupi hupangwa kwa kuangalia adhana ya wiki hiyo, na marekebisho ya makosa hufanyika watu wakisharudi. Dakika 15 za mwanzo ziliachwa kwa mazoezi ya wawiliwawili, maana yupo anayeshuka mwendokasi Gerezani saa 11:40 hata aahidi vipi.

Swali jipya lilikuwa kazi yenye uamuzi: mgeni anashuka Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, Jumatatu saa 2:00 asubuhi, ana mabegi mawili na mtoto wa miaka 6, na saa 4:00 awe bandarini kupanda boti ya Zanzibar. Kundi lichague usafiri mmoja na liukatae mmoja kwa sababu mbili. Kila mwanakundi alichukua kadi moja: bodaboda, daladala, mwendokasi au teksi. Nauli haikuandikwa kwenye kadi. Mwenye kadi ndiye anayeijua, au anayeikisia, na wenzake lazima wamuulize. Hapo maswali ya "How much?", "How long?" na "What about the bags?" yanazaliwa yenyewe.

Kabla ya kundi kuanza, dakika 2 kila mtu peke yake na kadi yake, dakika 3 na jirani, kisha kundi zima. Ni utaratibu ambao Mmarekani Frank Lyman aliueleza mwaka 1981, na bado haujapata mshindani kwa watu wenye haya, kwa sababu mtu anapofika mbele ya kundi anakuwa ameshalisema jambo lake mara moja. Sharti ni moja: kwenye kadi ziandikwe funguo sita tu, yaani maneno kama "cheap, rain, helmet, child". Ukiruhusu sentensi, watasoma. Sauti ya kusoma inajulikana, macho chini, pumzi moja mpaka nukta, na hakuna awezaye kujibizana na mtu anayesoma.

Kiongozi wa kila kundi alipewa kadi ya sentensi tano: "Let's start with...", "What do you think?", "Can you tell us why?", "Thank you, let's hear someone else", na "So we have decided to..." Tano zinatosha. Mwenye orodha ya ishirini hutafuta sentensi wakati watu wanamsubiri. Kazi yake haikuwa kuwa na maoni. Aliruhusiwa kusema maoni yake mara moja, mwishoni, na hilo peke yake lilizuia viongozi wanne kugeuka wahubiri.

"What do you think?" ikirushwa kwa kundi zima huanguka sakafuni. Irushwe kwa mtu. Kwa mchangamfu, swali litangulie jina: "What do you think, Mama?" Hivyo wote hufikiri kabla hawajajua nani ameangukiwa. Kwa mwenye haya geuza, jina kwanza na swali baadaye, ili asishtuliwe. Kisha kiongozi angoje. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyepima madarasa ya sayansi miaka ya 1970, alikuta walimu hungoja jibu kama sekunde moja tu, na kwamba wakifikisha sekunde 3 majibu hurefuka. Sekunde 3 ni ndefu kuliko mtu anavyodhani. Kiongozi ahesabu kimoyomoyo "mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu", mikono mezani, bila kurudia swali. Kurudia swali ndiyo njia ya kawaida ya kumvuruga mtu aliyekuwa karibu kusema.

Mstaafu hakupewa uongozi. Kumpa mtu kama yeye uongozi ni kumpa kipaza sauti. Alipewa ujumlishaji: asikilize, kisha dakika 2 za mwisho aseme mwenzake mmoja mmoja alisema nini, kila sentensi ianze na mtu aliyesema. Nafasi ya mwisho ni nafasi ya heshima, hivyo hakushushwa, na kwa kuwa lazima aripoti, ilimbidi aulize "Sorry, can you repeat?" mara kadhaa. Vijana nao wakapewa sentensi ya kumpingia: "Mzee, may I disagree a little?" Neno "Mzee" linabaki humo ndani ya Kiingereza na hakuna ubaya. Wanaolazimisha "sir" kwenye kila sentensi huifanya meza isikike kama kaunta ya polisi.

Upande wa anayejiunga ndio unaohitaji mazoezi mengi zaidi, na ndio unaoachwa bila kufundishwa. Kwa kuwa nafasi hufungwa haraka, mjiunga asingoje sentensi ikamilike kichwani. Atupe kianzio kwanza, maneno aliyoyakariri mpaka yanatoka bila kufikiri: "Can I add something?", "Yes, but the problem is...", "Going back to the bags..." Kianzio kinashika zamu kama kitambaa kinavyoshika kiti cha daladala dirishani, na wakati kinatoka mdomoni ubongo unapata sekunde moja au mbili za kutafuta neno linalofuata. Kila mwanafunzi achague viwili tu na avitumie wiki nzima. Mwili nao husema: kuegemea mbele kidogo, kuvuta pumzi, kumtazama anayeongea. Aliyeegemea nyuma na mikono kifuani hatambuliwi kuwa anataka kuingia.

Asiye na hoja aingie kwa swali. "What do you mean by safe?" ni maneno sita, halina kosa la kuogopa, na linamlazimu mwenzake kuongea zaidi. Kwa binti wa kidato cha nne lengo la siku ile lilikuwa maswali mawili, basi.

Kuna vijitabia vya Kiswahili vinavyojitokeza hapa ambavyo havina haja ya kusimamisha mjadala: "Me I think" kutokana na "mimi naona", "Even me" kutokana na "hata mimi", ambapo Kiingereza husema "Me too". Viandikwe pembeni. Mwalimu anayezunguka na daftari akusanye sita kwa makundi yote, achanganye na sentensi mbili zilizotoka vizuri, na aziandike ubaoni baada ya mapumziko bila majina. Kukatisha mjadala kuna ruhusa sehemu moja tu, pale maana inapopotea. Na maana hupotea zaidi kwenye "he" na "she", kwa kuwa "yeye" yetu haichagui jinsia. Mjumlishaji akisema "he said no" akimaanisha muuguzi wa kike, kundi litambishia mtu asiyehusika.

Kiswahili kilichoponyoka hakikutozwa faini. Faini, hata iwe shilingi 100 kwa neno, hufundisha jambo moja haraka: kimya ni bure. Badala yake kila sentensi iliruhusiwa neno moja la Kiswahili, likiwa limeketi ndani ya Kiingereza: "The konda will refuse the bags." Kiongozi huliandika neno hilo kwenye karatasi ya katikati, na baadaye darasa linalitafutia mwenzake. Mengine, kama "bodaboda" na "bajaji", yanaachwa yalivyo. Hakuna haja ya kuyavalisha suti.

Yalitumika pia vizibo vya soda, vitatu kwa kila mtu, 48 kwa darasa. Kila anayesema anasukuma kizibo kimoja katikati, na aliyemaliza vyake abaki na haki ya kuuliza tu. Kundi la karani liliviharibu ndani ya dakika 2: "I agree." Kizibo. "Me too." Kizibo. Watu walikuwa wanalipa deni. Kanuni ikabadilishwa palepale, kwamba kizibo hakihesabiwi mpaka sentensi iwe na "because" au iwe swali. Vizibo vitumike dakika 10 za mwanzo tu kisha viondolewe, la sivyo watu hutazama vizibo badala ya kutazamana.

Makundi matatu yalifika kwenye uamuzi. Moja lilichagua teksi, mawili mwendokasi, na ubishi mkubwa ulikuwa kuhusu mabegi mawili kwenye msongamano wa asubuhi. Binti aliuliza maswali matatu na kutoa hoja moja. Kundi la nne, la mama wa vitenge, lilikwama, na kukwama kwake ndiko kwenye faida zaidi kwa mwalimu.

Kiongozi wao alimgeukia mama akitaka kuhakikisha: "So you don't want the bodaboda?" Mama akajibu "Yes," kwa uhakika wote, kama mtu anavyojibu "ndiyo, siitaki". Kiswahili hukubaliana na kauli ya muulizaji: huitaki? Ndiyo. Kiingereza hufuata ukweli wa jambo lenyewe: huitaki, basi jibu ni "No, I don't." Kiongozi akaandika kwamba mama anaitaka bodaboda. Mjumlishaji akaripoti hivyohivyo, mama akaruka, "No, no, I said yes!", na muda uliobaki ukaishia kwenye kutafuta nani alisema nini. Kosa hili haliumi sikioni kama "Me I think", ndiyo maana hupita miaka bila kusahihishwa, na hali ndilo linalogeuza uamuzi wa kikundi kichwa chini miguu juu. Karani wa forodha akijibu "Yes" kwa mteja wa nje anayeuliza "So the container hasn't left?", mteja ataamini kontena limeondoka.

Kwa wiki iliyofuata yalipangwa mabadiliko mawili. Viongozi wakatazwe kuhakikisha kwa swali lenye ukanushi, waulize wazi, "Do you want it?" Na wajiunga wakatazwe kujibu kwa "Yes" au "No" tupu, walivute jibu hadi kitenzi: "No, I don't", "Yes, I do." Kadi ya kiongozi ikaongezwa sentensi ya sita, ya kutumia kila anapoandika maoni ya mtu: "Let me check: you want..., right?" Kadi ya bodaboda alirudishiwa mama wa vitenge.